Mchimba Kisima Barafuni: Maisha ya Matthew Henson (1866–1955)

Utangulizi

Anayesimama Buxton, kwenye ukingo wa kisiwa cha Mombasa karibu na Daraja la Nyali, huiona ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari ardhi ya Kisauni. Huko ndiko kulikoanzishwa Frere Town mwaka 1875, yakawa makao ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Miongoni mwa wakazi wake alikuwamo Matthew Wellington, Myao aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Nasik nchini India, na hatimaye akawa mmoja wa watu walioibeba maiti ya David Livingstone kutoka bara hadi pwani. Livingstone alizikwa kwa taadhima kuu Westminster Abbey, London, mwezi wa Aprili 1874. Wellington alifariki Mombasa mwaka 1935, na leo si wengi wapitao Kengeleni ambao wamepata kulisikia jina lake.

Wahenga walisema kwamba mchimba kisima hukatazwa maji. Makala haya yanasimulia maisha ya Matthew mwingine, aliyeishi zama zilezile lakini akachimba kisima chake mahali ambapo maji yenyewe ni mawe. Huyu ni Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyeendesha mbwa wa kukokota sleji katika majira ya baridi ya kaskazini kwa muda wa miaka 18, tangu 1891 hadi 1909. Ni dhamira ya makala haya kuonyesha kwamba kilichomfikisha Henson, na kilichowafikisha wale aliofuatana nao, hakikuwa nguvu za mwili peke yake. Kilikuwa elimu, na mlango wa elimu hiyo ulikuwa lugha. Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha kuliko tunavyoweza kudhani.

Kuzaliwa na malezi

Matthew Alexander Henson alizaliwa tarehe 8 Agosti 1866 katika wilaya ya Charles, jimbo la Maryland, nchini Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na utumwa ulikuwa ndio kwanza umefutwa kisheria. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Walifariki yeye akiwa angali mdogo, naye akalelewa kwa muda na jamaa zake mjini Washington.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, Henson alikwenda hadi bandari ya Baltimore, akapata kazi ya utumishi katika merikebu iliyoitwa Katie Hines. Nahodha wake, mzee aliyejulikana kwa jina la Childs, alimpenda mtoto yule akamfundisha kusoma, kuandika, kufanya hesabu na kuielewa dira. Kwa miaka kadhaa Henson alizunguka bahari za dunia na kuziona bandari za Uchina, Japani, Afrika ya Kaskazini na Urusi. Katika safari hizo alijifunza useremala na kazi nyingine za mikono ambazo baharia hana budi kuzijua. Bila shaka hapo pia ndipo alipojizoeza kusikiliza lugha asizozijua bila kuziogopa.

Nahodha Childs alipofariki, Henson alirudi nchi kavu. Huko alikuta dunia nyingine, kwani ustadi wa kijana mweusi haukuwa na soko. Akawa mtu wa vibarua vya hapa na pale, mpaka akaajiriwa katika duka la kofia mjini Washington.

Kukutana na Peary

Mwaka 1887 aliingia dukani humo mhandisi wa jeshi la majini, Robert Edwin Peary, aliyekuwa akijiandaa kwenda Nicaragua kupima njia ya mfereji uliokusudiwa kuunganisha bahari mbili. Peary alihitaji kofia ya jua, na alihitaji pia mtumishi. Mwenye duka alimpendekeza Henson. Huko Nicaragua haukupita muda mrefu kabla ya Peary kutambua kwamba kijana yule aliyeajiriwa kufua na kupika aliweza pia kusaidia katika upimaji, kujenga na kusimamia kazi. Tangu wakati huo Peary hakufanya safari yoyote kubwa ya kaskazini bila yeye.

Hata hivyo, ni vyema ieleweke kwamba uhusiano wao haukuwa wa watu sawa. Peary ndiye aliyekuwa mwajiri, ndiye aliyetafuta fedha, na ndiye aliyemiliki safari pamoja na sifa zake. Henson aliendelea kutajwa kuwa mtumishi hata pale ambapo kazi yake ilikuwa imeuvuka utumishi kwa mbali.

Chuo cha barafuni

Mwaka 1891 Henson alifika kwa mara ya kwanza kaskazini-magharibi mwa Greenland, nchi ya Wainughuiti, tawi la Wainuiti linaloishi kaskazini kabisa. Katika nchi ile jua huzama mwishoni mwa mwezi wa Oktoba na halionekani tena mpaka katikati ya Februari. Bahari huganda ikawa uwanja mweupe, na baridi huweza kushuka hadi nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri na zaidi. Mgeni aliyevaa sufu na viatu vya ngozi vya Ulaya huko hana maisha marefu.

Wageni wengi waliofuatana na Peary waliridhika na maneno machache ya kuombea nyama na kutolea amri. Henson alifuata njia nyingine. Aliketi na wenyeji katika vibanda vyao, akala walichokula, akawinda nao sili na walrasi, mnyama wa baharini mwenye meno marefu mithili ya pembe za ndovu. Aliijua lugha yao kiasi cha kuweza kutania, kubembeleza na kupatanisha ndani yake. Kwa hiyo katika kila safari iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa kweli. Wenyeji walimpa jina la Maripaluk, ambalo lilimtaja Matthew kwa upendo na wema, wala si kwa cheo.

Katika lugha hiyo ndimo alimosomea fani ya mbwa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye amezoea punda wa Lamu na hamali wa bandarini, anahitaji hapa maelezo kidogo. Sleji ni gari refu la mbao lisilo na magurudumu, ambalo huteleza juu ya theluji kwa miguu miwili iliyo bapa. Wainughuiti hawawafungi mbwa wawili wawili katika mstari mmoja. Kila mbwa hufungwa kwa kamba yake mwenyewe, nao hutawanyika mbele ya sleji kama njiti za upepeo. Kwa njia hiyo barafu nyembamba ikipasuka chini ya mmoja, wengine hawaburutwi naye. Hakuna hatamu. Mwendeshaji huwaongoza kwa sauti yake na kwa mjeledi mrefu sana unaopigwa kandokando yao, huku yeye mwenyewe akikimbia nyuma ya sleji, akiisukuma na kuiinua kila inapokwama.

Kazi hii ina adha zake. Mbwa wanapobadilishana nafasi mbiombio, kamba zao husukana zikawa fundo moja, na fundo hilo halifunguki mpaka mtu avue glovu na kulifungua kwa vidole vitupu katika upepo unaoua. Mbwa mwenye njaa hutafuna kamba zake na kutoroka. Aidha, mbwa ana hiari yake. Asipomheshimu mwendeshaji hulala chini, na hapo safari huwa imekwisha. Mwendeshaji basi sharti amjue kila mbwa kwa tabia yake, ajue nani kiongozi, nani mvivu, na nani akiondolewa kundi zima litavunjika moyo. Wenyeji waliianza elimu hii utotoni. Henson aliianza akiwa mtu mzima wa miaka 25, na Peary mwenyewe alikiri baadaye kwamba katika kuendesha mbwa hakuna mtu asiye mwenyeji aliyemfikia.

Miaka ya taabu

Safari zile hazikuwa za ushindi tu. Mwaka 1895 Peary, Henson na Mmarekani mwingine aliyeitwa Hugh Lee waliivuka barafu ya bara ya kaskazini mwa Greenland, wakaishiwa chakula. Ilibidi mbwa wachinjwe mmoja baada ya mwingine, wawe chakula cha mbwa wenzao na cha watu. Waliporudi kambini, mbwa aliyesalia alikuwa mmoja tu. Anayemsifu mwendesha sleji hana budi kulikumbuka jambo hili: kwamba mnyama aliyemtunza kwa mkono wake, huenda kesho akalazimika kumchinja kwa mkono uo huo.

Isitoshe, wenyeji nao walilipa gharama ambayo historia ya mashujaa huipitia kwa haraka. Kwa vizazi vingi Wainughuiti walikuwa wamepata chuma cha visu vyao kutoka katika vimondo vilivyoanguka Cape York. Peary alivichukua vimondo hivyo, kikubwa zaidi kikiwa na uzito wa tani 31 hivi, na hatimaye vikauzwa kwa jumba la makumbusho la New York. Katika mwaka huohuo wa 1897 alipokichukua kikubwa hicho, Peary aliwasafirisha hadi New York Wainughuiti sita. Wanne kati yao walifariki kwa maradhi muda si mrefu baada ya kufika, na mtoto Minik akabaki yatima ugenini. Henson alikuwa mtu wa safari zile. Hakuwa yeye mwenye kuamua, lakini ukalimani wake na ufundi wake ni sehemu ya yale yaliyotendeka, na mwandishi wa maisha yake akiyaficha haya atakuwa hakumtendea haki yeye wala wenyeji waliompenda.

Kati ya mwaka 1898 na 1902 Peary na Henson walirudi kaskazini kuitafuta Ncha ya Dunia. Katika giza la majira ya baridi ya mwanzo, miguu ya Peary iliganda, akapoteza vidole vingi. Alifungwa juu ya sleji akarudishwa melini akiwa hajiwezi, katika mwendo wa siku nyingi barafuni, na Henson alikuwa miongoni mwa waliomrudisha. Tangu hapo Peary alitembea kwa shida, na utegemezi wake kwa Henson ukazidi. Mwaka 1906 walijaribu tena, wakatangaza kwamba wamefika nyuzi 87 na dakika 6 za kaskazini kabla ya njaa na barafu iliyopasuka kuwarudisha nyuma. Mwaka huohuo Henson alipata mwana, Anauakaq, kwa mama Mwinughuiti aliyeitwa Akatingwah. Baada ya 1909 hakupata kumwona tena mtoto huyo.

Safari ya mwisho

Tarehe 6 Julai 1908 meli iliyoitwa Roosevelt iling'oa nanga New York, nahodha akiwa Robert Bartlett wa Newfoundland. Njiani walizichukua familia za Wainughuiti pamoja na mbwa wao, kisha meli ikaganda katika barafu ya Cape Sheridan, kaskazini mwa kisiwa cha Ellesmere. Wanawake walishona mavazi ya ngozi bila ambayo hakuna mwanamume angethubutu kuondoka. Henson alishughulikia utengenezaji wa sleji na kuwafundisha wageni kuendesha mbwa.

Mwanzoni mwa mwezi wa Machi 1909 msafara uliondoka Cape Columbia ukiwa na watu 24, sleji 19 na mbwa 133. Mbele yao kulikuwa na mwendo wa kilomita zipatazo 765 juu ya bahari iliyoganda. Bahari hiyo si uwanja tambarare. Vipande vya barafu hugongana vikasimamisha matuta marefu kuliko nyumba, na matuta hayo hukatwa njia kwa sululu. Kwingine barafu hupasuka na kufungua mifereji ya maji meusi, na msafara hauna la kufanya ila kungoja igande. Utaratibu ulikuwa kwamba makundi yatangulie kukata njia na kubeba chakula, kisha yarudi moja baada ya jingine, ili kundi la mwisho libaki na mbwa bora na mizigo kamili.

Bartlett alirudishwa tarehe 1 Aprili, karibu na nyuzi 87 na dakika 47. Waliosonga mbele walikuwa watu sita wenye sleji 5 na mbwa 40: Peary, Henson, na Wainughuiti wanne ambao ni Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Katika siku zile Henson aliteleza akatumbukia majini alipokuwa akiivusha sleji yake, na Ootah ndiye aliyemkamata na kumvuta nje, akamvua viatu vilivyolowa na kumkung'uta maji kabla hayajaganda. Bila mkono wa Ootah, maisha tunayoyasimulia yangekoma hapo.

Tarehe 6 Aprili 1909 Peary alitangaza kwamba wamefika Nchani. Kwa mujibu wa masimulizi ya Henson, yeye ndiye aliyetangulia kufika mahali pale, kwa kuwa alikuwa mbele akikata njia, ilhali Peary alifuata nyuma akiwa amepanda sleji. Yasemekana kwamba tangu saa ile Peary alipoa, akawa hasemi naye ila kwa shida. Walirejea Cape Columbia tarehe 23 Aprili. Hata hivyo Ross Marvin, mmoja wa viongozi wa makundi ya msaada, hakurudi, alikufa barafuni.

Kimya cha nyumbani

Waliporudi Marekani walimkuta Frederick Cook, aliyewahi kuwa nao katika safari ya 1891, akidai kuwa alifika Nchani mwaka mmoja kabla yao. Mabishano yalikuwa makali, na hata madai ya Peary yenyewe hayajakubaliwa na wote hadi leo. Wally Herbert, Mwingereza aliyefika Nchani kwa sleji za mbwa mwaka 1969, aliyapima maandishi ya Peary na kuona kwamba huenda hakufika hasa. Lakini ikiwa Peary hakufika, kosa ni la vipimo, na vipimo vilikuwa mikononi mwake. Kwamba mbwa, sleji na watu walivuka barafu ile wakarudi hai ni jambo lisilo na ubishi, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Henson na wenzake wanne.

Peary alipewa medali na kupandishwa cheo hadi kuwa admirali. Bartlett naye alipewa medali. Henson alirudi kwenye vibarua, akafanya kazi katika gereji mjini Brooklyn. Mwaka 1912 alichapisha kitabu cha safari zake, ambacho utangulizi wake uliandikwa na Booker T. Washington, lakini hakikumtajirisha. Mwaka 1913, kwa agizo la Rais Taft, alipewa kazi ndogo katika ofisi ya forodha ya New York. Alikaa humo kwa miaka 23, akastaafu mwaka 1936 kwa pensheni haba. Mtu aliyeijua lugha ya Wainughuiti kuliko karibu wageni wote wa zama zake alihesabu siku zake miongoni mwa karatasi za ushuru, na haielekei kwamba wengi kati ya waliopokea karatasi hizo walijua zilitoka kwa nani.

Heshima zilikuja polepole. Mwaka 1937 Klabu ya Wavumbuzi ya New York ilimpokea kuwa mwanachama. Mwaka 1944 Bunge la Marekani liliidhinisha medali kwa watu wa safari ya 1909, naye akiwamo, na mwaka 1954 Rais Eisenhower alimkaribisha Ikulu. Henson alifariki tarehe 9 Machi 1955 mjini New York, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn.

Mwaka 1987 Allen Counter, msomi wa Harvard, alimleta Marekani Anauakaq, ambaye sasa alikuwa mzee wa miaka 80, akawaona jamaa za baba yake na kulizuru kaburi lake. Mzee huyo alifariki mwaka huohuo. Tarehe 6 Aprili 1988, siku ya kuadhimisha miaka 79 tangu ile ya Nchani, mabaki ya Henson na ya mkewe Lucy yalihamishiwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, karibu na kaburi la Peary. Mwaka 2000 alipewa medali ya Hubbard, ile ambayo Bartlett aliipata miaka 91 kabla yake. Na mwaka 2021 shimo moja karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali penye baridi isiyojua jua, lilipewa jina lake.

Hitimisho

Maisha ya Henson yanatufunza mambo mawili. Kwanza, lugha si pambo la safari bali ni safari yenyewe. Aliyejifunza majina ya theluji kwa wenye theluji ndiye aliyejua ipi itambeba na ipi itammeza. Na kwa kuwa aliwasikiliza watu, watu walimwokoa alipozama. Pili, hata yeye aliyenyimwa maji ya kisima alikuwa na wenzake walionyimwa zaidi. Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah hawakuhamishiwa Arlington, na wanawake walioshona yale mavazi ya ngozi hatuwasomi kabisa.

Kwa hiyo mtafiti wa Kiswahili anapofungua vitabu vya wasafiri waliopita Mombasa, Bagamoyo na Unyanyembe, asiishie kwenye jina lililo juu ya jalada. Aulize nani alikalimani, nani alibeba, nani alijua njia. Baadhi ya majibu yamo katika maandishi yaliyokwisha kuchapishwa, lakini baadhi yangali kwa wazee wa ng'ambo ile ya Daraja la Nyali, na wazee hawangoji.